Baba Aliyefungwa Angali Baba

Mtu anapohukumiwa kifungo, sheria humwondolea uhuru wake. Hawezi tena kwenda atakako, wala kulala nyumbani kwake, wala kufanya kazi aipendayo. Hiyo ndiyo adhabu yake, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini sheria haikuandika mahali popote ya kuwa mtoto wa mtu huyo naye aadhibiwe. Mtoto hakushtakiwa, hakusomewa mashtaka, wala hakuulizwa kama ana la kujitetea. Hata hivyo, siku baba yake anapopandishwa katika gari la magereza na kupelekwa mbali, mtoto huyo naye huanza kutumikia kifungo chake, nacho ni kifungo kisichoandikwa tarehe ya mwisho.

Leo twapenda kusema na wanachama na wafanyakazi, hasa wale wa Karatu na Ngorongoro, juu ya jambo hili. Twasema ya kuwa baba aliye gerezani aweza kuendelea kuwa baba. Ya kuwa njia ya kumwezesha ipo, nayo ni kuonana na kuzungumza na watoto wake kwa video. Na ya kuwa njia hiyo haitaki mali nyingi, ila yataka nia njema na utaratibu mzuri.

Safari ya kwenda Arusha

Tuanze na nchi yenyewe ilivyo. Kutoka mji wa Karatu hadi mjini Arusha ni mwendo wa kilomita karibu 150, kwa barabara ya lami inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, kisha ikapita Makuyuni. Hiyo ni sehemu iliyo nyepesi ya safari. Mwenye kukaa Mang'ola, penye mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, au Endabash, au Mbulumbulu, sharti kwanza afike Karatu mjini, kwa njia ambayo wakati wa kiangazi ni vumbi na wakati wa masika ni matope. Na yule wa Loliondo, katika Wilaya ya Ngorongoro, yu mbali zaidi. Yeye ana mamia ya kilomita mbele yake, ama apite katikati ya hifadhi, ama azunguke kwa njia ya Ziwa Natron.

Wala mfungwa hafungwi siku zote karibu na kwao. Mwenye kifungo kirefu hupelekwa katika gereza kubwa, na aweza kuhamishwa hata mkoa mwingine, kwa sababu za nafasi, za usalama au za kazi. Hapo safari ya siku moja hugeuka kuwa safari ya siku tatu.

Sasa kila msomaji na apige hesabu mwenyewe. Mama mwenye watoto wanne, ambaye mumewe yu gerezani, amekwisha kupoteza mkono mmoja wa kuitafutia nyumba riziki. Akitaka kuwapeleka watoto wakamwone baba yao, yampasa kulipa nauli ya watu watano, kwenda na kurudi. Yampasa kutafuta chakula cha njiani na mahali pa kulala. Yampasa kuacha kibarua chake cha kupanda au kuvuna vitunguu, au ng'ombe wasio na mchungaji, na watoto wakose shule. Akifika huko, mazungumzo yenyewe ni ya dakika chache. Mtu mwenye busara atafanya nini? Atakwenda peke yake mara ya kwanza, na mara ya pili atakwenda akiwa amebeba mtoto mchanga tu. Mara ya tatu itangoja mavuno, na mavuno yakiwa mabaya, itangoja mwaka mwingine. Hivyo ndivyo baba anavyopotea polepole machoni pa watoto wake, ingawa hakuna aliyekusudia apotee.

Miaka ambayo mtoto hairudishiwi

Yatupasa pia kukumbuka ni vifungo vya namna gani vinavyowapata watu wa nchi hii iliyozungukwa na wanyama. Karatu imepakana na Ngorongoro na Ziwa Manyara, na Serengeti haiko mbali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pamoja na sheria ya makosa ya uhujumu uchumi, mtu anayepatikana na nyara za Serikali zenye thamani kubwa bila ya kibali aweza kufungwa miaka 20 hata kufikia 30. Hatuandiki haya kwa kuwatetea majangili. Wanyama wale ni mali ya taifa, na watu wengi wa Karatu, tangu waongozaji wa watalii hata wapishi na wafua nguo wa hotelini, wanakula kwa sababu wanyama hao wako hai. Twaandika haya ili tupige hesabu ya mtoto.

Baba akifungwa miaka 20, naye amemwacha nyumbani mtoto wa miaka miwili, atamkuta mtu mzima wa miaka 22. Hata akipunguziwa theluthi moja kwa mwenendo mzuri, bado atakuwa amekaa ndani miaka 13 na miezi minne, na mtoto yule atakuwa na umri wa zaidi ya miaka 15. Kutahiriwa kwake, siku yake ya kwanza shuleni, mtihani wake wa darasa la saba, magonjwa yake, maswali yake yote juu ya dunia, vimepita bila baba. Siku baba atakapobisha hodi, kijana atamwamkia kwa adabu kama anavyomwamkia mgeni yeyote, kisha atamwuliza mama yake pembeni, "Huyu atakaa hapa mpaka lini?"

Wako pia wale ambao hawajahukumiwa. Mwaka 2022, baada ya mgogoro wa ardhi wa Loliondo na kifo cha askari polisi mmoja mwezi wa Juni, watu zaidi ya 20 wa sehemu ile, baadhi yao wakiwa viongozi wa wananchi, walishtakiwa kwa mauaji, wakawekwa mahabusu mjini Arusha. Walikaa humo zaidi ya miezi mitano, hata kesi ilipofutwa mwezi wa Novemba mwaka huo nao wakaachiwa. Hatutaki hapa kuingia katika mgogoro wenyewe, kwani una mahali pake. Twauliza jambo moja tu: katika miezi ile mitano, watoto wa Loliondo walikuwa mbali kiasi gani na baba zao? Mtu ambaye sheria bado yamhesabu kuwa hana hatia alitengwa na watoto wake kwa umbali ule ule ambao hutengwa nao mfungwa. Ikiwa kuna mtu anayestahili kuona uso wa mwanawe, hapana shaka mahabusu ni wa kwanza.

Mfano wa Robben Island

Waafrika hatuhitaji kwenda mbali kujifunza uchungu wa jambo hili. Nelson Mandela, aliyepita katika nchi yetu mwaka 1962 na kuonana na Mwalimu Nyerere, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule baada ya kurudi Afrika Kusini. Binti yake mdogo, Zindzi, alikuwa hajafikisha miaka miwili. Mwaka 1964 Mandela alipelekwa Robben Island kutumikia kifungo cha maisha. Mwanzoni aliruhusiwa kupokea mgeni mmoja na barua moja kwa kila miezi sita. Na watoto waliopita umri wa miaka miwili hawakuruhusiwa kabisa kumwona mzazi aliyefungwa mpaka wafikie umri wa miaka 16. Zindzi hakumwona baba yake hata mwaka 1975, naye alikuwa msichana aliyekwisha kukua. Mwaka 1969, mwana wa kwanza wa Mandela, Thembi, alipokufa katika ajali ya gari, baba hakupewa ruhusa ya kwenda kumzika.

Makaburu walifanya hivyo kwa kukusudia. Walijua ya kuwa kumtenga mtu na watoto wake ni kumpiga mahali panapouma kuliko fimbo. Sisi hatukusudii jambo hilo, na sheria zetu haziliagizi. Lakini kwa mtoto anayengoja huko Mbulumbulu, kutengwa kwa kukusudia na kutengwa kwa sababu ya nauli ni mamoja. Hajui nia ya Serikali. Ajua tu ya kuwa baba haonekani.

Kwa sababu hiyo inafaa kukumbuka ya kuwa kanuni ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizikubali mwezi wa Desemba mwaka 2015, juu ya jinsi ya kuwatunza wafungwa, zilipewa jina la Mandela. Kanuni ya 58 yasema ya kuwa wafungwa waruhusiwe kuwasiliana na jamaa zao mara kwa mara, kwa barua, kwa kutembelewa, na pale vyombo vinapopatikana, kwa njia za simu na za elektroniki pia. Kanuni ya 59 yataka wafungwa, kadiri iwezekanavyo, wawekwe karibu na kwao. Nao Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wasema katika kifungu cha 9 ya kuwa mtoto aliyetengwa na mzazi ana haki ya kuonana naye na kudumisha uhusiano naye, isipokuwa kama jambo hilo litamdhuru mtoto mwenyewe. Angalieni, ndugu zetu: haki hiyo haikuandikwa kuwa ya mfungwa. Imeandikwa kuwa ya mtoto.

Mahakama imekwisha kutuonyesha njia

Watu wengine watasema, "Haya ni mambo ya Ulaya, sisi hatujafika huko." La hasha! Tumekwisha kufika. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, mahakama zetu zilisikiliza mashauri kwa video, mshtakiwa akiwa gerezani na hakimu akiwa mahakamani. Mwaka 2021 zikatungwa kanuni maalumu za kuendesha mashauri kwa njia hiyo, na katika mwaka huo huo kikafunguliwa Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki mjini Arusha, kimoja kati ya sita vya kwanza vilivyojengwa nchini. Leo si ajabu tena kwa wakili, shahidi na mshtakiwa kuwa mahali patatu mbalimbali, na shauri likaendelea.

Basi twauliza kwa unyenyekevu. Ikiwa kioo kile chaweza kumleta mfungwa mbele ya jaji, na maneno yake yakaandikwa na kuaminiwa katika jambo zito la kufungwa au kuachiwa, kwa nini kioo hicho hicho kisiweze kumleta mbele ya mwanawe, Jumamosi, wakati ambapo mahakama hazikai na chombo kimefunikwa kitambaa? Chombo kinachokaa bure siku mbili kila juma ni mali ya umma isiyotumika ipasavyo.

Nako vijijini watu hawana ugeni na mambo haya. Kijana wa Karatu anayefanya kazi Dar es Salaam hupiga simu ya video akamwona bibi yake wa Rhotia amekaa mlangoni. Mkulima wa vitunguu humwonyesha mnunuzi mzigo wake kwa simu kabla lori halijaja. Ni gerezani tu ambako simu ya mkononi imekatazwa, na imekatazwa kwa sababu nzuri. Sisi hatuombi mfungwa apewe simu mfukoni. Twaomba kiwekwe chumba kimoja, chenye kioo kimoja na askari mmoja wa kusimamia, pamoja na orodha ya majina.

Kazi yenyewe itakuwaje

Mpango usioweza kuelezwa kwa maneno machache hauwezi kutekelezwa, kwa hiyo twaueleza.

Kwanza, huko Karatu pawe na mahali pamoja panapojulikana: ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, au chumba katika jengo la mahakama, na kwa kata zilizo mbali, shule ya sekondari ya kata yenye kompyuta na umeme. Mama asilazimike kuwa na simu ya bei kubwa, wala kununua bando kwa fedha ya unga. Afike na watoto wake, aonyeshe majina yao, akae kitini.

Pili, gereza litenge saa mbili kila Jumamosi. Kwa dakika 20 kila familia, chombo kimoja chahudumia familia 6 kwa siku moja, na familia 24 katika Jumamosi nne. Hesabu hiyo ni ndogo, lakini ni familia 24 ambazo vinginevyo zingengoja mavuno. Gereza likipata vyombo viwili, hesabu itakuwa 48.

Tatu, pafikiriwe habari ya lugha. Askari anayesimamia hana budi kuyaelewa yanayosemwa, maana ndiyo kazi yake. Lakini katika nyumba nyingi za huko, mtoto mdogo na bibi yake husema Kiiraqw, au Kimasai, au Kidatoga, na Kiswahili chao ni kidogo. Kumlazimisha mtoto wa miaka minne azungumze na baba yake kwa lugha ya shule ambayo hajaisoma ni sawa na kumnyamazisha. Wako askari na wafanyakazi wa Serikali wanaozijua lugha hizo. Wapangwe katika zamu hizo, au mzee anayeaminika aapishwe awe mkalimani.

Nne, kuna sehemu ambazo mtandao haufiki au huja na kupotea. Kupeleka mawasiliano vijijini ni kazi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na madiwani wanaweza kudai minara kwa kata zao kwa sababu hii pia, si kwa biashara peke yake. Lakini hata kabla ya mnara kusimama, kuna la kufanya. Huko Uingereza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la hisani liitwalo Storybook Dads, lililokulia katika gereza la Dartmoor, limekuwa likiwarekodi wafungwa wakiwasimulia watoto wao hadithi, na sauti hiyo hupelekwa nyumbani mtoto akaisikiliza wakati wa kulala. Je, kuna taifa gani lenye hadithi kuliko sisi? Baba aliyeko Arusha hashindwi kusimulia ya sungura na fisi kwa lugha ya mama yake. Sauti yake ikapelekwa Mang'ola katika kadi ndogo ya simu, mtoto ataisikiliza usiku hata pasipo mtandao.

Majibu kwa wenye shaka

Twajua ya kuwa wako watakaopinga, nao wana haki ya kujibiwa.

Wa kwanza atasema, "Mnamdekeza mhalifu. Aliyeibiwa ng'ombe wake, au aliyeuawa ndugu yake, atafurahi kusikia mwizi anaonana na wanawe kwa video?" Twamjibu hivi. Mfungwa ataendelea kuamka gerezani, kufanya kazi za gerezani na kulala gerezani mpaka siku yake ya mwisho. Dakika 20 za kumwona mtoto hazifungui mlango hata mmoja. Na kwa baba mwenye roho ya utu, kuulizwa na mwanawe, "Baba, ulifanya nini?" ni hukumu nzito kuliko ile ya hakimu. Tena aliyeibiwa ng'ombe ana faida kubwa katika jambo hili kuliko anavyodhani, kwa sababu mfungwa atatoka siku moja, na atarudi kijiji kile kile. Huko Minnesota, Marekani, idara ya magereza ilichunguza habari za wafungwa 16,420 walioachiwa kati ya mwaka 2003 na 2007, na ripoti yake ya mwaka 2011 ilionyesha ya kuwa hatari ya kuhukumiwa tena kwa kosa kubwa ilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kwa wale waliokuwa wakitembelewa gerezani. Mtu anayejua ya kuwa kuna watu wanaomngoja ana sababu ya kujirudi. Asiyengojwa na mtu ana sababu gani?

Wa pili atasema juu ya usalama: kwamba mfungwa atatuma maagizo mabaya, au atamtisha shahidi. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini mazungumzo ya video husimamiwa kwa urahisi zaidi kuliko ya ana kwa ana. Hakuna kitu kinachoweza kupenyezwa mkononi, askari yupo, majina yamekwisha kuandikwa, na akisikia neno lisilofaa hukata mara moja. Gereza linaloweza kumlinda mshtakiwa akizungumza na mahakama laweza kumlinda akizungumza na mtoto wa darasa la tatu.

Wa tatu atasema, "Si kila baba anafaa." Kweli kabisa, na hapa twakubaliana naye bila masharti. Yuko baba aliyefungwa kwa sababu alimdhuru mtoto yule yule, au alimpiga mama yake hata akamvunja. Mtoto wa baba wa namna hiyo asilazimishwe kukaa mbele ya kioo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka masilahi ya mtoto kuwa jambo la kwanza kuangaliwa, na afisa wa ustawi wa jamii ndiye mwenye kazi ya kuuliza, kuchunguza na kukata shauri. Mtoto mwenyewe, akiwa na umri wa kueleza mawazo yake, aulizwe kama ataka. Mlango unaofunguliwa kwa ajili ya mtoto uwe ni mlango anaoweza pia kuufunga.

Tusiige ubaya

Yatupasa pia kujihadhari. Jambo jema likiachiwa wenye tamaa huharibika, na mfano uko Marekani. Huko makampuni yalifunga mikataba na magereza ya wilaya, yakaleta vioo vya video, yakaanza kuwatoza jamaa za wafungwa kwa kila mazungumzo. Kisha likatokea jambo la aibu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 na shirika la Prison Policy Initiative ulionyesha ya kuwa asilimia 74 ya magereza ya wilaya yaliyoleta video yaliondoa ruhusa ya kuonana ana kwa ana. Mama aliyekaa mtaa wa pili, aliyeweza kwenda kwa miguu, aliambiwa alipe fedha ili amwone mumewe katika kioo. Jimbo la Texas lililazimika kutunga sheria mwaka huo huo wa 2015 ili kurudisha haki ya kuonana uso kwa uso. Na mwezi wa Januari mwaka 2023 ikatiwa sahihi sheria ya nchi nzima ya kuzuia bei za kinyonyaji za simu na video za wafungwa, ikapewa jina la Martha Wright-Reed, bibi aliyepigana miaka mingi kwa sababu gharama ya kuzungumza na mjukuu wake aliyefungwa ilikuwa ikimmaliza.

Kwa hiyo twaweka masharti mawili, na twataka yasimame imara. La kwanza ni kwamba video iwe nyongeza, isiwe badala. Yule anayeweza kufika gerezani apokewe kama zamani, maana mkono wa baba juu ya kichwa cha mtoto haupiti katika waya. La pili ni kwamba huduma hiyo isiuzwe. Machozi ya mtoto si bidhaa, na umaskini wa mke wa mfungwa usigeuzwe kuwa shamba la mtu mwingine kuvuna.

Jirani zetu wa Kenya nao wana la kutufundisha. Tangu mageuzi ya magereza yaliyoanza mwaka 2003 chini ya Makamu wa Rais Moody Awori, zimekuwako siku ambazo watoto hukaribishwa gerezani wakashinda na wazazi wao, wakala pamoja na kucheza pamoja. Siku moja ya namna hiyo kwa mwaka, ikiungwa na video kila mwezi, ingetosha kumfanya baba asiwe jina tu.

Wajibu wetu sisi wenyewe

Si kazi yote ni ya Serikali. Jeshi la Magereza, Mahakama na Halmashauri wana sehemu yao, nasi twawaomba waifanye. Lakini iko sehemu ambayo ni ya wanachama na wafanyakazi, wala haingoji bajeti.

Balozi wa shina azijue nyumba ambazo baba amefungwa, azitembelee kama anavyozitembelea nyumba za wafiwa. Mwalimu asikubali hata siku moja mtoto kuitwa "mtoto wa mfungwa" katika uwanja wa shule, na ripoti ya muhula ya mtoto huyo aitolee nakala ya pili, ili baba aisome. Dereva anayekwenda Arusha na viti vitupu na akumbuke ya kuwa yuko mama anayetafuta nauli. Fundi wa kompyuta na simu atoe Jumamosi moja kwa mwezi. Vyama vya wafanyakazi wa hoteli na wa mashamba ya kahawa vya Karatu haviwezi kushindwa kununua kioo kimoja na kukikabidhi kwa ofisi ya ustawi wa jamii.

Na wazazi wasiwadanganye watoto. Katika nyumba nyingi mtoto huambiwa ya kuwa baba amesafiri. Uwongo huo huanza kwa huruma na huishia kwa uchungu, maana siku mtoto atakapousikia ukweli kwa wenzake, atakuwa amepoteza imani kwa baba na kwa mama pia. Ni afadhali aambiwe kwa maneno yanayolingana na umri wake: baba alifanya kosa, analipa, anakukumbuka, na Jumamosi utamwona.

Mwisho twasema na baba wenyewe walio ndani, ikiwa gazeti hili litawafikia. Ndugu zetu, mnapopewa dakika 20, msizimalize kwa kulalamika juu ya chakula wala kumfokea mama kwa habari za mashamba. Mwulizeni mtoto amesoma nini juma hili. Mwombeni asome kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu chake. Mtajieni jina la ng'ombe na kumwuliza kama amezaa. Mkubali kosa lenu mbele yake, na kumwambia asiifuate njia ile. Hiyo ndiyo kazi ya baba, nayo yaweza kufanywa hata na mtu aliyevaa nguo za mfungwa.

Taifa huhesabu mifuko ya mahindi, kilo za kahawa na watalii wanaopita lango la Ngorongoro, na hesabu hizo ni njema. Lakini liko pia shamba la watoto, nalo lina msimu mmoja tu. Mtoto wa miaka sita hatakuwa na miaka sita tena tutakapokuwa tumemaliza mikutano yetu. Chombo kipo Arusha, na mtoto yupo Karatu. Lililobaki ni sisi kuwaunganisha, na twataka kazi hiyo ianze Jumamosi iliyo karibu kuliko zote.